Bi Dakika na Kichupa cha Kwao

Bi Dakika alikuwa na vitu viwili asivyoviamini: saa ya ukutani na mwanafunzi anayesema "nimeelewa." Saa ya ukutani, alisema, huchelewa betri ikichoka, mwanafunzi huchelewa tangu kuzaliwa. Ndiyo maana saa yake aliining'iniza kifuani kwa pini, juu ya koti jeupe, kama wauguzi wa zamani. Ukiona ameishika hiyo saa na midomo ameibana, usimsalimie, maana hata salamu ungeambiwa uirudie, umeitoa kabla ya muda.

Alikuwa mkufunzi kwenye maabara yetu ya mifugo. Wafanyakazi wa maabara ndogo ndogo za pembezoni waliletwa kwake kwa makundi, wakae wiki moja wajifunze kupima brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, na ambao binadamu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika uchafu wa uzazi wa mnyama mgonjwa. Mimi nilikuwa muosha vigae vya kupimia. Diploma yangu iliishia nusu, kama daraja ambalo mkandarasi kalihama na saruji yake. Lakini hata kutoka nusu ya daraja mtu anaona mto vizuri tu.

Kipimo chenyewe ukikitazama utadhani mchezo wa watoto. Una kigae cheupe chenye vishimo. Unatia tone la majimaji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Pembeni yake unatia tone la dawa ya rangi ya waridi. Unachanganya kwa kijiti, kisha unakitikisa kigae taratibu, dakika nne, mbele nyuma, mbele nyuma, kama anayembembeleza mtoto asiye wake. Mchanganyiko ukibaki laini, ng'ombe ni mzima: hasi. Ukikatika ukawa punje punje, kama chai iliyotiwa maziwa yaliyolala, ng'ombe ni mgonjwa: chanya. Basi. Dakika tatu hazikubaliki, na tano pia hazikubaliki, maana ukingoja mno hata ng'ombe mzima utamzulia ugonjwa. Jina la Bi Dakika lilitoka hapo, na yeye alilijua, ingawa tulidhani hajui.

Na alikuwa na msemo wake. "Soma kigae, usisome jina." Kila kundi liliimbishwa. Kwa sababu, alieleza, mpimaji akishajua ng'ombe ni wa nani, macho yake huingiwa na adabu. Ng'ombe wa mkubwa huonekana mzima, ng'ombe wa jirani mliyegombana huonekana mgonjwa, na kigae kipo palepale kinapiga kelele, hakuna anayekisikia.

Sasa hapo ndipo penye shida. Katika kila trei ya mazoezi Bi Dakika aliweka vichupa viwili vya mtego, kimoja cha ng'ombe anayejulikana ni mgonjwa, kingine cha ng'ombe anayejulikana ni mzima, ili aone nani anapima na nani anabahatisha. Yule mzima alikuwa ng'ombe wa mama yake. Damu aliichukua mwenyewe, akaigawa kwenye vichupa vingi, akaviweka kwenye friji ya barafu, na miaka yote havikumwangusha. Vilikuwa na kizibo cha bluu. Jina hakuandika, lakini nani hakujua? Kundi lililoondoka lililinong'oneza linaloingia: ukiona kizibo cha bluu, huyo ni wa kwao mwalimu, andika hasi uende ukanywe chai.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Bibi Harusi, kwa jinsi alivyotembea kama mtu anayetandikiwa mikeka. Bi Dakika akimtaja sauti yake ililegea. Mama yake Bibi Harusi ndiye aliyewanywesha wote pale nyumbani baba yao alipofariki, na maziwa yake ndiyo yaliyompeleka Bi Dakika shule. Kwa hiyo sisi tuliposema "wa kwao mwalimu," tulisema kama mnavyosema kuhusu mkwe.

Vile vichupa vya zamani vikaisha. Jumapili moja Bi Dakika akaenda kwa mama yake, akachukua damu mpya, na Jumatatu ikawa kwenye trei. Hakuipima kwanza. Yeye, aliyewahi kumrudisha mtu mlangoni kwa kuvaa glavu moja! Lakini nani hupima sahani ya mama yake kabla ya kula?

Siku hiyo kundi lilikuwa na jamaa mmoja mwenye miwani mizito tuliyemwita Profesa, kwa kuwa alikuwa na jibu kabla ya swali. Alikuwepo pia dada mmoja mgeni, mwembamba, mrefu, mkimya. Mimi nilimwita Pipeti, kwa ile mirija ya kunyonyea matone. Hakukasirika, aliniangalia tu kama naye anatafuta jina la kunipa.

Dakika nne zikaisha. Bi Dakika akaachia saa yake.

"Someni. Kizibo cha bluu?"

"Hasi!" Darasa zima, kama kwaya.

"Chanya," akasema Pipeti.

Kicheko. Profesa akageuka na miwani yake yote. "Dada yangu, huyo ni ng'ombe wa kwao mwalimu. Unamtukana mwenyeji hata chai yake hujainywa?"

"Mimi nimesoma kigae," Pipeti akasema.

Bi Dakika akamwendea akitabasamu, kwa sababu mwanafunzi mbishi alikuwa kwake kama sukari. Akainama juu ya kigae. Lile tabasamu likaondoka bila kuaga. Akaenda kwa Profesa. Akaenda kwa wa tatu, kwa wa nne. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo, na nikaona: kila kigae, kwenye kishimo kilekile, waridi lilikuwa limekatika punje punje, safi kabisa, hata asiye na macho angeligusa akalijua.

"Profesa. Kigae chako kinasema nini?"

"Mwalimu, kina... kinasumbua kidogo."

"Umeandika nini?"

"Hasi."

"Kwa nini?"

Profesa akakuna kichwa. "Kwa heshima, mwalimu."

Mmoja akapiga makofi. "Katunasa! Mwalimu katunasa jamani! Kabadilisha kizibo!" Wote wakalipuka, wakapigana mabega, wakamsifu Bi Dakika kwa ujanja wake, na yeye akasimama katikati yao ameshika ukingo wa meza, akasema, "Ndiyo. Nimewanasa. Nendeni mkanywe chai."

Walipotoka hakukaa. Alifungua chupa mpya ya dawa, akaingoja iishiwe na ubaridi wa friji, akapima upya. Punje. Akapeleka kwenye kile kipimo cha pili, cha mashine, kinachotumika kuthibitisha. Mashine haina adabu kwa mtu. Chanya.

Alikuja chumba changu cha kuoshea, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa na mzaha umeiva mdomoni, kuhusu bibi harusi na mahari. Nikamwangalia, nikaumeza.

"Unamjua mdogo wangu," akasema.

Nilimjua. Alikuwa akija pale maabara kumletea dada yake maziwa kwenye chupa ya chai, mwanamke mchangamfu, mwenye kunitania kuliko ninavyomtania. Mume wake ni dereva wa malori, wiki yuko huku, wiki yuko kule, basi yeye aliishi kwa mama yao, akikamua, akifagia banda. Mimba zake zilikuwa zikitoka. Moja ilitoka, wakasema ni Mungu. Nyingine ikatoka, wakasema ni kazi nzito. Watu wengine wakasema mengine, nyinyi mnajua watu. Sasa alikuwa na mimba tena, na hii ilikuwa imepita mahali ambapo zile nyingine ziliishia. Shemeji alishanunua beseni la kuogeshea, la manjano, amelificha chini ya kitanda asije akajulikana ana matumaini.

"Aliniuliza," Bi Dakika akasema. "Alisikia nikiwafundisha watu wachemshe maziwa. Akaniuliza, dada, na sisi tuchemshe? Mama hapendi, anasema maziwa ya kuchemshwa ni maiti. Nikacheka. Nikamwambia, ya kwetu? Huyo nimempima mwenyewe. Kunywa."

Bomba langu lilikuwa linavuja matone. Nililifunga.

"Kunywa," akarudia. "Mimi ndiye niliyemwambia anywe."

Tulikwenda na gari la ofisi, mimi wa kushika kichwa cha ng'ombe, maana lazima damu ichukuliwe upya kwa wote waliokuwa bandani. Mama yao alikuwa mlangoni. Mama mwenye mgongo ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Akamwona binti yake anavaa glavu uani.

"Wewe! Unakuja kwangu na glavu? Kwani mimi nimekufa?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua hayo."

Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, miguu ameinyoosha, tumbo mbele yake kama mgeni wa heshima. "Muosha vyombo!" akaniita. "Leo umeachiwa? Nani kakulipia dhamana?" Kando yake kulikuwa na glasi tupu yenye ule ukungu mweupe wa maziwa. Bi Dakika aliitazama hiyo glasi kwa muda mrefu kuliko kigae chochote nilichowahi kumwona akikisoma.

"Mama," akasema, "hapa bandani pameingia ng'ombe mwingine?"

"Si yule mtamba wa mjomba wako. Alimleta apate malisho. Tena alishamchukua, akamuuza."

"Alizaa?"

Mama akatazama bandani. Mdogo mtu ndiye aliyejibu. "Alitupa, dada. Wakati ule wa baridi. Ndama alikwama, mimi ndiye niliyemvuta."

"Kwa mikono?"

"Ulitaka amvute kwa simu?" mama akadakia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie ili uje na sindano? Kila ukija hapa ni sindano. Mjomba wako alisema ng'ombe hutupa tangu dunia iumbwe."

Bi Dakika akavua glavu kidole kimoja kimoja. Akachuchumaa mbele ya mdogo wake, akamshika magoti, akasema yote. Hakuzunguka. Ndivyo alivyotufundisha: jibu likishakamilika hulitoi kwa vipande. Bibi Harusi ni mgonjwa. Huyo mtamba alimwambukiza. Ugonjwa upo kwenye maziwa na ulikuwa kwenye uchafu wa ule uzazi, na kwa mwanamke mjamzito ni hatari. Twende hospitali sasa hivi, dawa ipo.

"Pima tena," mama akasema.

"Nimepima tena."

"Basi kipime hicho chombo chako! Bibi Harusi huyu? Aliyezaliwa mikononi mwangu? Mama yake ndiye aliyekupeleka shule, leo umesoma ndiyo urudi kumzulia gonjwa mtoto wake?"

Mdogo mtu hakuwa anamsikiliza mama. Alikuwa anamwangalia dada yake, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali.

"Lakini dada, ulisema..."

"Nilisema," Bi Dakika akajibu.

Hospitali wakapima, na damu ya mdogo mtu nayo ikatoka chanya. Zile homa za jioni alizodhani ni uchovu, yale maungo yaliyomuuma akasema ni mimba kubwa, vyote vikapata jina. Wakampa dawa zinazofaa mjamzito. Bi Dakika akahamia kwa mama yake, akalala sakafuni kando ya kitanda cha mdogo wake, karibu na kichwa chake kukiwa na beseni la manjano lililochomoza uvunguni. Asubuhi alikuja kazini macho mekundu akaendelea kufundisha. Tulianza kuona matumaini. Homa ilishuka. Mtoto alikuwa anapiga mateke, na shemeji alipiga simu kila alipopaki lori, kusudi awekewe simu tumboni. Hata mimi nilisema nitakuwa baba wa ubatizo, nikaambiwa nikamalize diploma kwanza.

Tulikuwa tunapanga trei za kundi jipya simu ilipoita. Bi Dakika alisikiliza, akasema "nakuja," akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Saa ilikuwa bado imebandikwa pale. Aliiacha.

Mtoto alitoka akiwa amekufa. Alikuwa wa kike, ametimia umbo, ana kucha. Bi Dakika ndiye aliyempokea kutoka kwa muuguzi, kwa sababu mama alikataa kunyoosha mikono na shemeji alikuwa bado njiani. Alimshika ndani ya kitenge akakaa naye kwenye benchi la ukumbini, na alipoona nimefika alisema tu, "Ni mwepesi."

Alimuuliza daktari. Ni yale maziwa? Ni kule kumvuta ndama? Au zilikuwa sababu nyingine? Na wale wa kwanza, je? Daktari alikuwa mtu mwema, akasema kwa upole kwamba brusela inaweza, ndiyo, lakini kwa uhakika hawezi kusema. Bi Dakika akatikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa akiweka tone juu ya tone na kupata jibu kabla chai haijapoa. Kwa hili hapakuwa na kigae.

Ikabaki Bibi Harusi. Ng'ombe hatibiwi ugonjwa huo, huondolewa akachinjwe. Siku ya kuchukuliwa kwake tulifika mapema, na Bi Dakika akashusha kisanduku cha vichupa, vingi, vyote vitupu. Mama yake akaelewa kabla yangu.

"Hata sasa unamnyonya?"

"Mama, damu ya mgonjwa aliyethibitishwa ni adimu. Watu wanajifunza kwa kuona. Wasipoiona kwetu, wataiona kwao ikiwa wamechelewa."

Nilikuwa nimeshika kamba. Mama akaja, akaninyang'anya. Akamshika Bibi Harusi mwenyewe, paji la uso kwa paji la uso, akimsemesha maneno ambayo sikuyasikia na wala hayakuwa yangu, huku binti yake akiwa upande wa shingo anajaza kichupa, anabadilisha, anajaza. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ng'ombe alitulia kama kawaida yake. Hakuwahi kuwa na kelele. Ndani ya nyumba mtu alivuta pazia.

Lori lilipofika, Bibi Harusi alipanda kwa zile hatua zake za mikekani.

Watu wanadhani baada ya hapo kulikuwa na ugomvi. Ingekuwa nafuu. Mama anampokea vizuri sana. Anamtandikia kitambaa mezani, anamwambia "karibu, karibu, usisimame," kama unavyomwambia mtu wa sensa. Na mdogo wake hajawahi kumpandishia sauti. Alimaliza dawa, alipona homa, anacheka tena, hata mimi ananitukana kama zamani. Beseni lipo. Wanafulia nguo. Ila kitu kimoja. Alikuja maabara kuleta ujumbe wa nyumbani, akanikuta mlangoni, akauliza, "Mwalimu yupo?"

Nikadhani ni utani. Nikamjibu, "Mwalimu gani, dada yako?"

"Mwalimu," akasema.

Bi Dakika alikuwa nyuma yangu, amesikia. Akajibu, "Nipo, ingia," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila alikuwa ameishika saa yake kifuani kama mtu aliyechomwa na pini.

Makundi yanaendelea kuja. Vichupa vyote anavipima kwanza, hata vile vilivyotoka kiwandani na muhuri. Vya kizibo cha bluu vimehamia upande mwingine wa trei, upande wa wagonjwa. Na sikilizeni, damu ile ni nzuri kwa kufundishia kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Tone lake likikutana na waridi, halihitaji kubembelezwa, linakatika punje punje wazi, hata anayesinzia anaona.

Juzi kulikuwa na kijana mmoja mchangamfu, wa kutoka maabara ya mbali, alifurahi hata akasahau kukaa. "Mwalimu, njoo uone! Chanya nzuri hivi! Hii umeipata wapi?"

Sisi wa pale tukainamisha vichwa. Mimi nilikuwa na ndoo yangu, na sikuwa na mzaha wowote, hata wa akiba.

Bi Dakika alisogea, akainama, akakitazama kile kishimo.

"Kwetu," akasema. Kisha akaangalia saa. "Endelea kutikisa. Muda haujaisha."